Sauti Yangu Nyumbani kwa Mama Paulina

Jumanne jioni, Katesh. Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu mchana na haujaondoka. Mdomo unaniuma. Nyuzi alizonishona daktari zinavuta kila nikimeza mate, na chai nainywa kwa upande mmoja kama mtoto anayeota meno.

Nina hasira leo. Nimekuja kuandika hapa kwa sababu nikikaa na watu tutagombana, na kugombana nimegombana vya kutosha.

Nianze na jambo lenyewe. Kuna mwanamke amevunjwa mkono na kupasuliwa kichwa, na kilichomponza ni sauti yangu. Si kwamba nilimtongoza, sijawahi kumtongoza. Ni sauti yangu iliyorekodiwa, inayopiga simu yenyewe alfajiri huku mimi nimejifunika blanketi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni afisa shamba wa kampuni moja inayonunua maparachichi huku Hanang na Mbulu na kuyapeleka Ulaya. Kazi yangu ni kuwaingiza wakulima kwenye mfumo. Nazunguka shamba na simu mkononi mpaka ramani ijichore, nahesabu miti, nampiga picha mwenye miti, naandika namba yake. Kila kreti linalotoka pale linabandikwa kibandiko chenye alama ya kusomwa na simu. Mzungu akiwa dukani kwao anaelekeza simu yake kwenye kibandiko na kumwona Mama Paulina wa Gitting amesimama chini ya mti wake, na mtandio wake wa kijani, anacheka. Hiyo picha nilimpiga mimi.

Na kuna simu za alfajiri. Tunda likichumwa leo lazima lipande gari leo, kwa hiyo mkulima lazima ajue siku. Ukituma ujumbe wa maandishi, wengi hawasomi. Ofisi ya Arusha wakaamua simu iongee. Kwanza waliweka dada mmoja mwenye sauti laini ya redioni, wakulima wakawa wanamkatia wakidhani ni matangazo ya bahati nasibu. Wakatafuta sauti ya nyumbani. Mimi ni Mmbulu, nimezaliwa Dongobesh, Kiswahili changu kina kokoto ndani yake, na mkulima akinisikia anajua huyu ni wa huku huku. Wakanifungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, nikasoma.

Niseme ukweli, nilijisikia sana. Mama yangu kule Dongobesh alikuwa anawaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe anaongea kwenye simu za watu wote. Mimi nikiingia mgahawani nilikuwa naagiza ugali kwa sauti ya juu ili watu wageuke.

Kuna mambo mawili niliyoyaomba mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Maneno waliyonipa yalisema "timu yetu itakuja shambani." Nikasema hapana, watu wa huku hawaijui timu, wanamjua mtu. Nikasoma "nitakuja shambani kwako." La pili, niliomba mfumo usichoke haraka. Kama mkulima hajabonyeza kitu, upige tena baada ya muda mfupi, na tena, kwa sababu alfajiri watu wako zizini wanakamua na simu iko ndani. Kwenye kikao walinisifu, wakasema huyu anawajua wakulima wake.

Mama Paulina ni Mbarbaig, mke wa Gidamosa. Gidamosa ni mtu wa ng'ombe, muda mwingi yuko Dirma na mifugo yake, na hiyo miti ya maparachichi hajawahi hata kuigusa. Mkewe ndiye aliyechimba mashimo, ndiye aliyebeba maji na punda kiangazi chote. Kwa hiyo niliandika jina lake na namba yake. Ni mwanamke wa utani. Siku nilipokuwa nazunguka mpaka wa shamba na simu yangu, alisema natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia, na wachumaji wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nilimfundisha mwenyewe, pale pale shambani. Nilimwambia, ukisikia sauti yangu, bonyeza moja, itanyamaza.

Yaliyotokea Jumatano ya wiki iliyopita nayaandika kama alivyonisimulia Shangazi. Huyu ni dada wa baba yake Gidamosa, mama mtu mzima, anauza maziwa mnadani na anajua Kiswahili cha kutosha kumtukana mtu akaelewa. Anaishi boma hilo hilo.

Gidamosa alikuwa amerudi kutoka Dirma jana yake. Simu ya mkewe inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, ndipo mtandao unaposhika. Ikaita alfajiri, mkewe yuko zizini, yeye akaipokea. Akasikia mwanamume, tena Mmbulu. Anamwambia maparachichi yako yamekomaa, Ijumaa asubuhi nitakuja shambani kwako na gari. Akauliza, wewe nani? Mwanamume hakujibu, akaendelea na maneno yake. Akauliza tena kwa ukali. Mwanamume akaendelea, taratibu, kana kwamba anaongea na mtu mwingine mle ndani.

Akampelekea baba yake simu. Hapa mtu asiye wa huku anaweza asielewe uzito wake. Kijana haanzi kuongea na mzee kabla ya shikamoo, hata kama nyumba inaungua. Yule mzee aliweka simu sikioni akanyamaza, anasubiri asalimiwe. Alichoambiwa ni bonyeza moja kama unakubali, bonyeza mbili kama hapana, halafu simu ikakatika. Akamrudishia mwanawe na kusema kuna mtu amemdharau ndani ya boma lake mwenyewe.

Mama Paulina akaingia na kibuyu cha maziwa. Akaulizwa huyo mwanamume ni nani. Akacheka. Alicheka tu jamani, akasema hiyo ni mashine.

Fimbo ya kwanza ilimpata kichwani. Shangazi anasema maziwa na damu vilikuwa vinatembea pamoja sakafuni, mbwa akaja kulamba, na Gidamosa akampiga teke mbwa kwanza ndipo akamrudia mkewe. Shangazi alimvuta shuka kwa nyuma, akasukumwa nje na mlango ukafungwa kwa gogo.

Simu ikaita tena, kwa sababu hakuna aliyebonyeza. Gidamosa akapokea na kunitukana kwa lugha mbili. Nikamwambia habari za asubuhi. Nikamwambia nitakuja. Alipomaliza na mimi akamgeukia mkewe, mkewe akainua mkono kujikinga, mkono ukavunjika. Shangazi anasema alisikia mfupa akiwa nje ya mlango.

Ikaita mara ya tatu. Gidamosa alikuwa ameitupa pembeni, inaita ikiwa sakafuni. Mama Paulina akakumbuka nilichomfundisha, kwamba ukibonyeza inanyamaza. Akajikokota mpaka ilipo, akabonyeza moja.

Sauti yangu ikasema, "Asante sana. Tutaonana Ijumaa."

Hapo ndipo Gidamosa alipoanza kumpiga kweli.

Mimi saa hizo nilikuwa kitandani. Nilipoamka nikafungua simu yangu nikaona jina lake limekuwa la kijani, maana yake mkulima amekubali. Nikafurahi. Nikanywa chai kwa chapati, nikamtumia dereva ujumbe kwamba Gitting mambo safi. Nayaandika haya yote na chapati yake kwa sababu mpaka sasa inanikaba.

Ijumaa tukafika Gitting na kirikuu yetu, dereva, wachumaji na mimi, makreti matupu yanagongana nyuma. Nilishangaa Mama Paulina hajaja njiani kutupokea. Katikati ya shamba alikuwa amesimama mwanamume mrefu ana shuka na fimbo, na nyuma yake mzee ameketi juu ya jiwe. Nikajua huyu lazima ni Gidamosa, maana sikuwahi kuonana naye. Nikasema, "Habari za asubuhi."

Nilipofungua mdomo tu, uso wake ukabadilika. Alinitazama kama amenikuta chumbani kwake. Sikuelewa. Nikampita nikaenda kwa mzee, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo mzee." Mzee hakuitikia. Alimwambia mwanawe maneno machache kwa lugha yao, na kwa jinsi alivyoyasema sikuhitaji mkalimani.

Fimbo ilinipata mdomoni, sikuiona hata ikija. Nilisikia meno yakigongana na damu ikanijaa kinywani, nikaanguka juu ya makreti. Akaja kunimalizia nikiwa chini. Sasa mimi nina hasira za kuzaliwa nazo, kila anayenijua analijua hilo. Mkono wangu ukakuta ufito wa kuchumia, ule mrefu wenye mfuko na wembe mwishoni, nikauzungusha. Wembe ukamchana begani mpaka shuka likaloa. Nikamrukia. Nilimpiga ngumi mpaka vifundo vikachubuka, nikamshika nywele nikamgonga kichwa kwenye shina la mti wa mkewe. Dereva ananivuta shati, shati likachanika, na mimi nampiga tu.

Na sikujua bado alichokifanya. Hilo ndilo linalonitisha leo. Nilimpiga kwa ajili ya mdomo wangu peke yake, na nilisikia raha. Kama mtu angenipa panga pale, sijui.

Aliyetutenganisha ni Shangazi. Alitucharaza wote wawili miguuni bila kuchagua, akanishika mkono na kunivuta mpaka ndani ya nyumba. Mama Paulina alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe. Sura ilikuwa imevimba kiasi kwamba nilimtambua kwa mtandio. Tangu Jumatano alikuwa pale, mzee amekataa asitolewe nje, eti aibu.

Tukatupa makreti chini, tukatandika majani na magunia, tukampakia kwenye kirikuu mpaka hospitali ya Katesh. Njiani ndipo Shangazi aliponisimulia yote, simu kwa simu. Nilimwambia dereva asimamishe gari. Nikatapika barabarani, damu na chai.

Polisi walitupa fomu ya matibabu na kufungua kesi. Walikwenda kumtafuta Gidamosa, wakakuta ameshakimbilia Dirma kwenye ng'ombe. Ukimtafuta Mbarbaig kwenye mbuga ile na gari la polisi, utaona vumbi lako mwenyewe tu.

Sasa kuhusu mfumo. Kwa kuwa Ijumaa hakuna kreti lililosomwa, mfumo wenyewe ukapanga siku mpya. Mavuno ni Alhamisi, na simu ya kumjulisha ni leo Jumanne alfajiri. Niliiona tarehe hiyo kwenye simu yangu. Nikampigia dada anayesimamia mfumo Arusha, nikamwomba aifute hiyo simu moja tu. Ni dada mwema, simlaumu sana. Akasema simu ya mkulima mmoja haifutiki, na namba haibadilishwi katikati ya mavuno kwa sababu ya wezi. Njia ni kumtoa mkulima kabisa. Lakini akitolewa, shamba lake linakuwa halijulikani, kreti lake halitapokelewa popote mpaka akaguliwe upya msimu ujao. Na asipobonyeza safari hii, mfumo utamruka.

"Kwani kaka, hiyo simu ina shida gani?" akaniuliza.

Nikaitupa simu ukutani. Kioo kimepasuka, na ndicho ninachoandikia sasa hivi.

Jumamosi nikaenda wodini. Mkono wake ulikuwa umefungwa plasta mpaka begani, jicho moja halifunguki. Shangazi alikuwa ameketi chini pembeni ya kitanda. Nikamweleza Mama Paulina mambo yalivyo, kwamba naweza kumtoa kwenye mfumo na simu haitaita tena nyumbani kwake, ila maparachichi ya mwaka huu yatamuozea. Nilidhani atasema nitoe. Mimi mwenyewe ningesema hivyo.

Akasema, "Ukinitoa nitakuchoma kisu. Miti nimeimwagilia mimi."

Baada ya kupumzika kidogo akasema tena, "Iache ije. Ije watu wote waisikie."

Shangazi alijifunga shuka lake vizuri akatoka, na siku mbili zilizofuata alikuwa juu ya bodaboda akizunguka vijijini.

Wabarbaig wana jambo lao ambalo nilikuwa nalisikia tu. Mwanamume akimkosea mwanamke kosa la kuwagusa wanawake wote, akina mama hukusanyika na fimbo zao, wanakaa wenyewe, wanahukumu wenyewe. Mwanamume hafungui mdomo pale mpaka aruhusiwe. Hukumu ni dume jeusi la ng'ombe. Anayekaidi wanamlaani, na sijawahi kusikia mwanamume wa kule aliye tayari kulaaniwa na akina mama zake. Polisi hawakumpata Gidamosa. Akina mama walituma neno moja Dirma, na jana jioni alirudi kwa miguu yake.

Jana hiyo hiyo Mama Paulina aliruhusiwa hospitali. Nami nikapata ujumbe kwamba naitwa mbele ya akina mama.

Leo alfajiri nilifika Gitting na pikipiki, baridi inakata masikio. Uwanja wa boma ulikuwa umejaa wanawake, wazee kwa vijana, baadhi na sketi zao za ngozi, kila mmoja ana fimbo. Mzee, baba yake Gidamosa, alikuwa amekaa mbali karibu na zizi na hakuna aliyemjali. Katikati waliweka kigoda, na juu ya kigoda ile simu. Mama Paulina alikaa nyuma yake. Gidamosa alisimamishwa upande mmoja wa kigoda na mimi upande wa pili, tunatazamana. Bega lake nililolichana lilikuwa limefungwa kitambaa. Nilitamani kumrukia tena, nalisema kama lilivyo.

Nikajaribu kueleza. Nilifika kwenye "Shangazi, naomba" tu, fimbo ikatua mgongoni kutoka nyuma. Sijui hata ilikuwa ya nani.

"Funga mdomo," Shangazi akasema. "Leo mdomo wako tunautazama tu."

Tukasubiri. Kukapambazuka, jogoo wakawika, ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa, simu kimya. Tangu Ijumaa nilikuwa namwomba Mungu hiyo simu isiite. Nikaanza kumwomba iite. Kwa sababu isipoita, Gidamosa angesema mwanamume yuko hapa kasimama, ndiyo maana simu haiiti, na nani angebisha? Nilimwona hata yeye ameanza kulifikiria hilo. Akafungua mdomo, na mama mmoja akamchapa ugoko kabla neno halijatoka.

Ikaita.

Mama Paulina akaipokea kwa mkono wa kushoto na kuweka sauti ya nje. "Habari za asubuhi," nikasikika kutoka kwenye kigoda. "Maparachichi yako yamekomaa." Wanawake wote waligeuka kunitazama mdomo. Mdomo umefungwa, umeshonwa, hautikisiki. Gidamosa akautazama mdomo, akaitazama simu, akarudi mdomoni. Halafu akanisogelea. Nikakunja ngumi. Akainua mkono, akaweka vidole vyake juu ya midomo yangu, juu ya nyuzi zenyewe, akakandamiza kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka. Alikuwa anahakikisha. Na sauti ikaendelea, "Alhamisi asubuhi nitakuja shambani kwako na gari."

Akaondoa mkono. Vidole vilikuwa na damu yangu. Akasema maneno kidogo kwa lugha yake, taratibu, akakaa chini kwenye vumbi. Nilimuuliza Shangazi baadaye alisema nini. Alisema, "Kumbe hakuna mtu."

Simuonei huruma. Nataka lieleweke hilo. Hata kama kungekuwa na mtu, mkono wa Mama Paulina ni mkono wa Mama Paulina.

Mama Paulina hakuharakisha kubonyeza. Aliiacha imalize maneno yote, moja, mbili, na kimya kile kinachofuata, huku akimtazama mumewe pale chini. Ndipo akabonyeza. "Asante sana. Tutaonana Alhamisi." Safari hii hakuna aliyemgusa.

Hukumu ilikuwa fupi. Gidamosa dume jeusi, na asikanyage mlango wa mkewe mpaka akina mama waseme, na polisi wakija asikimbie. Akaitikia kwa kichwa. Halafu Shangazi akanigeukia mimi. Na mimi dume jeusi.

Nilipandwa na hasira. Nilipiga kelele pale, kwamba mimi sikumgusa, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, mdomo wangu huu umepasuliwa kwa ajili gani, na tena yeye mwenyewe kasema hakuna mtu. Uzi mmoja ukakatika, damu ikanitiririka kidevuni. Nilimnyooshea kidole mama anayelingana na mama yangu. Hakuna aliyenipiga safari hii. Shangazi alisubiri nimalize.

"Ile sauti ni ya nani?" akauliza.

Nikasema ni yangu.

"Basi," akasema. Fimbo zikagonga chini zote, ikawa imekwisha.

Niliondoka kwa hasira mpaka kwenye pikipiki. Halafu nikarudi, kwa sababu kuondoka bila kumuaga mgonjwa kungeniletea aibu. Mama Paulina alikuwa bado kwenye kigoda chake, simu iko mapajani. Nikamwambia pole. Nikamwambia Alhamisi wachumaji watakuja na mimi nitakuwepo mwenyewe.

Alinitazama kwa lile jicho moja.

"Siku ile nilikuwa nakuambia nyamaza," akasema. "Kila ulipoita. Nilikuambia baba nyamaza, huyu ananiua."

Nikamwambia, "Mama Paulina, ile ilikuwa mashine. Mimi nilikuwa Katesh, nimelala."

"Najua, ulinifundisha. Lakini mle ndani tulikuwa mimi, yeye na wewe."

Nilirudi Katesh polepole, daktari akanishona upya bila kuniuliza kitu. Dume nitalitafuta mnadani na nitalipeleka mwenyewe. Sitabishana tena na mtu kuhusu hilo.

Mchana nilimpigia yule dada wa Arusha kwenye hiki kioo kilichopasuka na kumweleza kila kitu, kuanzia msumari wa mlangoni mpaka kigoda. Nikasikia analia. Akasema atalipeleka kwa wakubwa, kwamba simu ianze kwa kusema hii ni mashine, na isirudie rudie kupiga, na sauti yangu itolewe kabisa. Lakini kikao ni wiki ijayo, na simu za wiki hii zimeshapangwa. Kesho ni zamu ya wakulima wa Dongobesh. Kwetu.

Tangu saa hizo nawapigia kwa mdomo wangu, mmoja mmoja, nawasalimu, nasubiri waitikie, nawaambia kesho mtasikia mtu, si mtu. Wengine wananicheka. Wengine simu zao hazipatikani, na wanawake wengi wako kwenye hao wasiopatikana. Mdomo umeanza kuvuja tena na sauti inakauka.

Kesho alfajiri sauti yangu itaingia nyumba za watu Dongobesh. Itawasalimu na haitasubiri waitikie. Sijui ni nyumba ipi ambayo mume amerudi leo.